Mtu wa Dirishani: Safari Ndefu ya Duka la Dawa

Historia ya tiba katika nchi zetu imezoea kuwataja madaktari. Tunamjua aliyegundua kijidudu, aliyejenga hospitali, aliyeleta chanjo. Aliyesimama dirishani akahesabu vidonge, akavifunga kwenye kipande cha karatasi na kusema "kutwa mara tatu", huyo hatajwi. Na bado ndiye aliyekutana na wagonjwa wengi kuliko wote. Mtoto akishikwa na homa saa nne usiku huko Tunduru au Kilifi, mzazi haanzi kwa daktari. Anaanza kwa duka lililo wazi.

Nayasema haya kwa sababu mjadala wa dawa katika nchi zenye kipato kidogo umekuwa wa dawa zenyewe: zipo au hazipo, bei yake ni ipi, ni halisi au bandia. Hayo yote ni ya msingi. Lakini ukiifuata historia yetu kwa karne moja na nusu, jambo moja linajitokeza waziwazi. Kila mara serikali, wafadhili na wataalamu walipomsahau mtoa dawa, dawa nzuri ziliharibika mikononi mwa watu. Walipomfundisha, wakamsajili na kumkagua, hali ilibadilika, hata pale ambapo fedha hazikuongezeka sana.

Pwani ilikuwa na biashara ya dawa kabla ya ukoloni. Katika maduka ya Unguja, Mombasa na Lamu mtu alipata sanamaki ya kusafishia tumbo, shubiri, shabu, habasoda na mvuje, nyingi zikiletwa na majahazi kutoka Bara Hindi na Uarabuni. Muuzaji alikuwa mshauri pia. Alijulikana mtaani kwa jina na ukoo, na dawa yake ikidhuru, habari zilimfikia kabla ya jua kuzama. Bara, waganga walichimba mizizi yao na kuwafundisha vijana wao kwa miaka. Sisemi kwamba kila walichotoa kilitibu. Nasema kwamba aliyetoa alikuwa amefundishwa na mtu, na jamii ilijua nani wa kumuuliza.

Kwinini ilikuja na utaratibu mwingine kabisa. Ilitoka mbali, ilikuwa ghali, na aliyekuwa nayo alikuwa na uhai mkononi. David Livingstone alishuka Mikindani mwaka 1866, akaufuata mto Ruvuma kuelekea bara. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walimtoroka na sanduku lake la dawa. Katika shajara yake alieleza kwamba alijiona kama aliyekwisha kuhukumiwa kifo. Aliishi miaka sita zaidi, akiugua karibu muda wote. Kupotea kwa mzigo mmoja kulimwacha mtu aliyesomea udaktari akiwa hana cha kufanya mbele ya homa, na hali hiyo wahudumu wa zahanati zetu wangekuja kuionja mwezi baada ya mwezi, miaka mia moja baadaye.

Unguja, mfanyabiashara tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la jumba la tiba mwaka 1887. Alifariki kabla halijakamilika, na likamalizika mwaka 1894. Baadaye ghorofa yake ya chini ikatumika kutolea dawa. Jumba hilo bado lipo Mizingani, na nakshi za baraza zake ni miongoni mwa kazi nzuri zaidi za Mji Mkongwe.

Dawa za dola

Wajerumani walipoitawala Tanganyika, dawa ikawa jambo la dola. Mwanasayansi wa Kijerumani Robert Koch alifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890 kuchunguza malaria, akashikilia kwamba kwinini ikitolewa kwa mpango inaweza kuufuta ugonjwa huo. Mwaka 1906 alirudi Afrika Mashariki, safari hii kwenye visiwa vya Sese upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yakimaliza watu. Huko aliwapa wagonjwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Matokeo yalipokuwa hafifu aliongeza dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Wagonjwa hao wangepaswa kukumbukwa katika kila darasa la famasi Afrika Mashariki. Dozi ni sehemu ya dawa, na aliyepanga dozi yao alikuwa mtaalamu mwenye sifa kuliko wote wa zama zake.

Kituo cha utafiti cha Amani, kilichofunguliwa mwaka 1902 kwenye milima ya Usambara, kilikuwa na mashamba ya msinkona, mti ambao magome yake hutoa kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza na manowari za Uingereza zikafunga bahari, magome hayo yakawa mali kuliko dhahabu. Wajerumani walitengeneza vidonge vyao hapa hapa nchini, na walipofukuzwa kutoka kwenye reli waliendelea kuchemsha magome porini na kunywa maji yake, machungu kiasi kwamba askari waliyaita pombe ya Lettow, kwa jina la jenerali wao. Kwa hiyo utengenezaji wa dawa za kisasa nchini mwetu una zaidi ya miaka mia moja. Haukuanzishwa kwa ajili yetu. Makarieri wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya vita hiyo, pande zote mbili, walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi.

Chini ya Waingereza, kuanzia katikati ya miaka ya 1920, zikaanza zahanati ndogo za serikali za wenyeji. Vijana waliojua kusoma walifundishwa kwa miezi michache kufunga vidonda na kutoa dawa chache. Hao ndio mababu wa watoa dawa wa leo: mshahara mdogo, eneo kubwa, msimamizi wa mbali. Wakati huohuo kampeni ya sindano za bismathi dhidi ya buba ilikuwa ikienda kwa kasi ya ajabu. Mtu aliyekuwa na vidonda mwili mzima alichomwa, na baada ya muda mfupi ngozi yake ikakauka. Watu walitembea siku nzima kuifuata sindano. Imani kwamba dawa ya kweli ni ile inayochoma ilizaliwa hapo, na haikuzaliwa kwa ujinga; ilizaliwa kwa kuona. Hadi leo mtoa dawa anayekataa kumchoma mgonjwa asiyehitaji sindano anashindana na kumbukumbu hiyo.

Sheria nazo zilikuja kwa meli. Kenya ilipata Sheria ya Famasi na Sumu mwaka 1957, na msingi wake, kama wa sheria za jirani zake, ulikuwa wa Kiingereza: dawa kali ziuzwe chini ya jicho la mfamasia aliyesajiliwa. Kwa London, mji wenye mfamasia kila mtaa, ni sheria nzuri. Kwetu, wafamasia walikuwa wachache mno na karibu wote waliishi mijini. Sheria iliweka kiwango ambacho mtu wa Namanyere au Lodwar hakuwa na njia ya kukifikia, kisha ikamwacha ajitafutie.

Orodha fupi, sanduku kubwa

Uhuru ulileta nia tofauti. Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, iliamua kupeleka zahanati vijijini kabla ya kujenga hospitali kubwa mijini. Mwaka 1974 mafunzo ya shahada ya famasi yalianza Muhimbili, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha yake. Tanzania ilikuwa pia miongoni mwa nchi chache zilizojitengenezea orodha ya dawa muhimu mapema, kabla dunia haijakubaliana juu ya jambo hilo.

Wazo lilikuwa rahisi na liliwaudhi wengi. Soko lilikuwa na maelfu ya dawa zenye majina ya kibiashara, nyingi zikifanya kazi ileile. Nchi maskini haiwezi kuzinunua zote, wala haizihitaji. Mdenmark Halfdan Mahler, aliyekuwa akiongoza Shirika la Afya Duniani, alilisimamia wazo hilo, na mwaka 1977 shirika likachapisha orodha ya kwanza yenye dawa zipatazo 200 tu. Sri Lanka ilikuwa imekwisha kuonyesha njia kupitia Profesa Senaka Bibile na shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1971 kuagiza dawa kwa majina yake ya kitaalamu. Mwaka 1978, huko Alma-Ata, upatikanaji wa dawa muhimu ukatajwa kuwa nguzo mojawapo ya afya ya msingi.

Nchini kwetu Tanzania mwaka 1977 ulikuwa na sura nyingine pia. Serikali ilipiga marufuku hospitali na kliniki za watu binafsi zenye kutafuta faida. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya ya madawa na sumu, na ndani yake kikawekwa kipengele kilichoonekana kidogo: duka lisilo na mfamasia lingeweza kupewa kibali cha kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Hilo ndilo duka la dawa baridi. Lilikusudiwa kuwa kiraka, la kuuza aspirini, dawa ya kikohozi na bendeji hadi wafamasia watakapotosha.

Kisha vikaja vita vya Kagera, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Zahanati zilikuwa na majengo na waganga wasaidizi lakini rafu zilikuwa tupu. Mwaka 1983, kwa msaada wa Denmark na kupitia UNICEF, ukaanza Mpango wa Dawa Muhimu, na ukaja na sanduku.

Sanduku hilo lilikuwa na dawa zilizopangwa tayari kwa mwezi mmoja wa zahanati moja: klorokwini, penisilini, dawa za minyoo, vidonge vya madini ya chuma, chumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya macho. Lilifungwa kwa lakiri na kusafirishwa hadi wilayani, na kutoka hapo kwa lori, kwa pikipiki, mara nyingine kichwani. Lilifunguliwa mbele ya mashahidi. Sisi tunaolalamikia misaada tukumbuke kwamba kwa miaka kadhaa sanduku hilo ndilo lililotenganisha zahanati na nyumba ya kawaida yenye benchi.

Ila lilikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Waliolipanga walikuwa mbali, na lilikuwa sawa kwa wote. Zahanati ya bondeni, yenye mbu mwaka mzima, ilipata klorokwini sawasawa na ya mlimani penye baridi. Wiki ya pili dawa ya malaria ilikuwa imekwisha. Dawa zisizotakiwa zikalundikana hadi muda wake wa kutumika ukapita. Mhudumu hakuulizwa anahitaji nini, hivyo hakujifunza kukadiria. Ilichukua zaidi ya muongo mmoja kabla utaratibu haujageuzwa ili zahanati yenyewe iagize kulingana na wagonjwa wake, na tangu hapo tumekuwa tukilipa gharama ya kumfundisha kazi ambayo sanduku lilimnyima.

Milango inafunguliwa

Mwaka 1991 tiba binafsi ikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za umma, na mwaka huohuo Bunge likaunda Bohari ya Dawa, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake MSD, kununua na kusambaza kwa niaba ya serikali. Mgonjwa aliyezoea kupewa dawa bure alianza kuambiwa: dawa hakuna, kanunue nje.

Na nje kulikuwa na duka la dawa baridi. Kile kiraka cha mwaka 1978 kikageuka kuwa nguo nzima. Uchunguzi wa mwaka 2001 ulikuta zaidi ya maduka 4,600 ya aina hiyo Tanzania Bara, huku famasi kamili zikiwa chache na nyingi zikiwa Dar es Salaam. Kisheria yangeuza dawa za kawaida tu. Kwa vitendo yaliuza viuavijasumu, sindano, dawa za presha, kila kilichoulizwa. Vidonge vya "rangi mbili" viliuzwa kimoja kimoja, viwili kwa kikohozi, vitatu kwa tumbo. Muuzaji mara nyingi alikuwa shemeji au binti wa mwenye duka, mtu mwema asiyejua kwamba nusu dozi ni shule ya vijidudu.

Wakaguzi walipopita, maduka yalifungwa siku mbili. Wakiondoka, yalifunguliwa. Hakuna mkuu wa wilaya aliyekuwa tayari kuyafunga yote, kwa kuwa alijua watu wake wangekosa hata Panadol.

Jibu la kwanza la maana lilitoka Kilifi, pwani ya Kenya. Watafiti wa huko waliona kwamba homa nyingi za watoto zinaanzia kutibiwa dukani, dukani kwa maana ya duka la sukari na sabuni. Wakaamua kuwafundisha wenye maduka badala ya kuwalaani. Kabla ya mafunzo, ni takriban watoto 4 kati ya 100 waliopewa klorokwini ya dukani waliopata dozi ya kutosha. Baadaye walifika 65. Utafiti huo ulitoka mwaka 1999. Pigo lake ni kwamba klorokwini yenyewe ilikuwa imekwisha kushindwa na vimelea: Kenya ilihamia dawa nyingine iitwayo SP mwaka 1998, Tanzania ikafuata mwaka 2001, na ilipofika mwisho wa mwaka 2006 tulikuwa tumehama tena, sasa kwenda dawa mseto. Mwenye duka aliyejifunza vizuri mwaka 1998 alikuwa amepitwa na wakati mara mbili ndani ya miaka minane. Mafunzo ya mara moja, hata yakiwa mazuri, hayamtoshi mtu wa kazi hii.

Ruvuma

Mwaka 2003 mkoa wa Ruvuma ukachaguliwa kujaribia jambo jipya. Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyokuwa imeundwa mwaka huohuo, ilishirikiana na shirika la Management Sciences for Health kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates. Wazo lao halikuwa kuyafuta maduka ya dawa baridi wala kuyaacha kama yalivyo. Lilikuwa kuyapandisha daraja. Duka lililotimiza masharti lingeitwa Duka la Dawa Muhimu, lingepewa nembo, na lingeruhusiwa kisheria kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti, zikiwamo baadhi ya viuavijasumu kama amoksilini.

Ruhusa hiyo ndiyo kiini cha mpango wote, na wengi waliipinga. Utampaje mtu asiye mfamasia ruhusa ya kuuza amoksilini? Jibu lilikuwa kwamba tayari anaiuza. Sheria ilikuwa inajidanganya. Ukimruhusu hadharani unaweza kumdai kitu: sakafu safi, dari, kabati lenye kufuli, stakabadhi za manunuzi kutoka kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa, daftari la kila dawa ya cheti iliyotoka.

Na zaidi ya yote alitakiwa awepo mtoa dawa aliyefundishwa. Wengi walikuwa wanawake, wauguzi wasaidizi kwa asili. Walikaa darasani wiki kadhaa, wakafanya mtihani, wakapewa cheti chenye jina lao, na bila mtu mwenye cheti hicho duka halikuruhusiwa kutoa dawa. Walijifunza dalili za hatari: mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa kasi na kifua kubonyea, huyo hauziwi dawa, anaandikiwa rufaa aende kituo cha afya. Wenye maduka nao walifundishwa hesabu na maadili. Ukaguzi ukashushwa hadi kata, kwa watu wanaoishi jirani na duka, kwa sababu mkaguzi wa Dar es Salaam anayekuja mara moja kwa mwaka ni mgeni tu.

Tukitazama kazi yenyewe kwa karibu tutaona kwa nini darasa lilihitajika. Dozi ya dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, si kesho yake asubuhi. Inafaa kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo sehemu yake hupita tumboni bila kufyonzwa. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15 anahitaji vidonge sita tu. Siku ya pili mgonjwa hujiona mzima na kutaka kuacha, akimwekea ndugu yake vilivyobaki. Mtoa dawa ana kama dakika tatu kuyasema hayo yote, kwa mama aliyebeba mtoto analia, huku mteja wa nyuma akigonga shilingi kwenye kaunta. Asipoyasema, dawa iliyovumbuliwa kwa miaka na kusafirishwa kutoka bara jingine inaishia kuwa vidonge vya kuhesabu.

Tathmini iliyolinganisha hali ya 2001 na ya 2004 ilitoa majibu ya kutia moyo na ya kunyenyekeza. Dawa zisizosajiliwa zilizokutwa madukani zilishuka kutoka asilimia 26 hadi asilimia 2. Hilo ni jambo kubwa, na lilitokana na stakabadhi na ukaguzi. Lakini watoa dawa waliofuata mwongozo wa malaria kikamilifu walipanda kutoka asilimia 6 hadi 24 tu. Ni mara nne zaidi, na bado watatu kati ya wanne walikosea. Kusafisha rafu kulikuwa rahisi kuliko kubadili mazungumzo ya kaunta, na nadhani hapo pana somo ambalo wapanga sera wengi hulipita haraka, kwa kuwa rafu hupigwa picha na mazungumzo hayapigwi.

Mpango ulienda Morogoro, Mtwara na Rukwa, kisha nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 maduka yalikuwa zaidi ya 9,000. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukakubali vyeti vya wanachama wake kutimiziwa humo. Uganda ikajaribu mfano wake Kibaale, Liberia ukaanzia Monrovia. Si mara nyingi wazo la sera ya afya hutoka Songea kwenda kwingine, na Ruvuma inastahili heshima hiyo.

Bei, simu na mshitiri

Mafunzo hayakutosha pale ambapo dawa sahihi ilikuwa ghali kuliko dawa iliyoshindwa. Mwaka 2007 wilaya za Maswa na Kongwa zilijaribiwa kwa kushusha bei ya mseto katika maduka ya dawa baridi kwa ruzuku. Kabla yake, mteja 1 katika 100 wa dawa za malaria ndiye aliyenunua mseto. Baada ya mwaka mmoja walikuwa 44. Jaribio hilo liliipa nguvu mipango ya kimataifa iliyofuata, ambapo mseto wenye nembo ya jani la kijani uliuzwa kwa bei nafuu katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwamo. Muuzaji yuleyule, kaunta ileile. Bei ilipogeuka, naye akageuka.

Upande wa serikali, tatizo la rafu tupu liliendelea. Mwaka 2009 na 2010 vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini viliombwa kutuma ujumbe wa simu kila wiki kueleza dawa za malaria zilizobaki. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau dawa moja. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Wilayani dawa zilikuwapo muda wote katika baadhi ya vituo, ila hakuna aliyejua wapi zimezidi na wapi zimepungua. Mwaka 2014 Dodoma ikaanzisha utaratibu wa Jazia: Bohari ya Dawa ikikosa kitu, halmashauri zote za mkoa hununua kwa mshitiri, yaani muuzaji, mmoja aliyeshindanishwa, badala ya kila kituo kuhangaika peke yake kwa bei ya rejareja. Mwaka 2018 ukaenea nchi nzima.

Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mfumo wa udhibiti wa dawa wa Tanzania umefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, wa kwanza Afrika. Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo tangu 2019 inaitwa TMDA, ina maabara na mfumo wa usajili wa kujivunia. Udhibiti wa wafamasia, watoa dawa na maduka uko chini ya Baraza la Famasi, kwa sheria ya mwaka 2011.

Kilichobaki kaunta

Basi tatizo liko wapi leo? Liko palepale dirishani. Amoksilini inayouzwa Masasi ina uwezekano mkubwa wa kuwa amoksilini kweli, kuliko ilivyokuwa mwaka 2000. Lakini bado inauzwa kwa mafua, ambayo haiyatibu. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na mzigo ulikuwa mzito zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Tangu mwaka 2010 mwongozo wa dunia unataka homa ipimwe kabla ya mseto kutolewa. Maduka mengi bado yanauza mseto kwa kukisia.

Wengi huwalaumu watoa dawa kwa tamaa. Mimi naona lawama hiyo ni nyepesi. Duka linaishi kwa kuuza. Mtoa dawa akimwambia mama kwamba mtoto wake anayeharisha anahitaji chumvi za kuongeza maji na zinki kwa siku kumi, na si kiuavijasumu, amefanya kazi bora kabisa ya siku hiyo na amepata faida ndogo kabisa. Akimpeleka mgonjwa kituo cha afya, hapati kitu. Mwenye duka hujumlisha mauzo jioni. Ushauri hauonekani kwenye hesabu. Kisha huyo mtoa dawa, akishapata cheti na uzoefu, hupata kazi mjini, na nafasi yake huchukuliwa tena na shemeji. Maduka yakipandishwa daraja, mafunzo ya kumrithi aliyeondoka yanapaswa kuwapo karibu na kwa bei anayoimudu mtu wa wilayani, la sivyo daraja linabaki kuwa rangi ya ukutani.

Na ukaguzi ule wa kata uliokuwa nguvu ya Ruvuma, unahitaji nauli, posho na mtu mwenye muda. Fedha za mradi zilipokwisha, kazi hiyo iliachiwa halmashauri zenye mahitaji mengine elfu. Hapo ndipo fedha kidogo zingeleta tofauti kubwa kuliko popote.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wanaopitisha bajeti za halmashauri ni hili: fungu la kukagua maduka ya dawa lisiwe la kwanza kukatwa. Waulizeni wafamasia wa wilaya zenu duka gani lilikaguliwa mwaka huu na lipi halikukaguliwa, na majibu yasomwe kikaoni. Kwa Mfuko wa Bima: fikirieni kumlipa mtoa dawa kwa rufaa aliyoandika na ushauri aliotoa, si kwa vidonge alivyouza tu. Nawe msomaji, ukifika dukani uliza cheti cha mtoa dawa kiko wapi, maana kinapaswa kutundikwa ukutani. Uliza dawa hii inamezwa vipi, kwa siku ngapi, na dalili gani zikitokea urudi upesi. Akikuambia mtoto hahitaji dawa bali apelekwe kituo cha afya, mshukuru na uende siku hiyohiyo.